Chembe za Plastiki Katika Maji Yetu: Zinatoka Wapi, na Tutaziondoaje?



Siku hizi tukitembelea vikundi, kuanzia Imenti hadi Tharaka na hata upande wa Embu, kuna swali tunaloulizwa kila mara: "Ni kweli maji tunayokunywa yana plastiki?" Na la pili halichelewi: "Kuna watu wanauza mashine za kuondoa hiyo plastiki. Je, tutoe pesa za kikundi tununue?"

Haya si maswali madogo. Pesa za kikundi ni jasho la watu wengi, na maji ni uhai wa watoto wetu. Kwa hiyo tumeamua kuyajibu hapa kwa urefu, ili kila kikundi kiweze kusoma pamoja na kuamua.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Ndiyo, chembe za plastiki zimepatikana katika maji sehemu nyingi za dunia, na Afrika Mashariki ni mojawapo. Lakini msikimbilie mashine. Kazi ile ile ya kuondoa uchafu na viini vya magonjwa katika maji, ikifanywa kwa mpangilio mzuri, huondoa pia sehemu kubwa ya plastiki. Na iliyo bora zaidi ni kuzuia plastiki isiingie majini tangu mwanzo, kwa sababu kuitoa ni kazi ngumu kuliko kuizuia. Sasa tueleze hatua kwa hatua.

CHEMBE HIZI NI NINI?

Plastiki haiozi kama ganda la ndizi au jani la mahindi. Ikikaa juani hukauka, hupasuka na kuvunjika vipande. Vile vipande navyo huvunjika tena, mpaka macho hayawezi kuviona. Hata hivyo bado ni plastiki.

Mwaka 2004 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba wamepata vipande vidogo sana vya plastiki katika mchanga wa pwani na katika maji ya bahari. Wakaviita mikroplastiki, na jina hilo likaenea duniani kote. Leo wataalamu huita mikroplastiki kipande chochote cha plastiki kilicho chini ya milimita 5. Yaani kuanzia ukubwa wa punje ya dengu kwenda chini, hadi vile visivyoonekana kabisa.

Ili tuelewane kuhusu vipimo: gawa milimita moja mara 1,000, kila sehemu inaitwa mikroni. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Kumbukeni kipimo hiki, kwa sababu tutakihitaji tukifika kwenye kuchuja.

ZINATOKA WAPI?

Tuchukue soko letu la Gakoromone pale Meru mjini. Siku ya soko, tazameni mambo matano.

Kwanza, magunia. Viazi, kabichi, maharagwe na vitunguu vingi hufika kwa magunia ya nailoni. Gunia likichakaa hutoa nyuzi nyembamba. Mchukuzi akiliburuta chini, nyuzi zinabaki.

Pili, nguo. Mitumba mingi na nguo nyingi mpya si pamba. Ni nyuzi za poliesta, nailoni au akriliki, na zote hizo ni plastiki. Kila nguo ya namna hiyo ikifuliwa huacha nyuzi ndogo ndani ya maji. Hiki ni chanzo kikubwa sana ambacho watu wengi hawakijui. Mtu huona plastiki ni chupa, kumbe amevaa nyingine mwilini.

Tatu, matairi. Siku hizi mpira wa tairi huchanganywa na vitu vya kiwandani vilivyo jamaa ya plastiki. Lori, matatu na bodaboda zikitembea, tairi inalika, na ule unga mweusi unabaki barabarani ukingoja mvua.

Nne, chupa, vifuniko, kamba za nailoni na vipande vya turubai vinavyotupwa ovyo.

Tano, na hapa tunajigusa sisi wenyewe: viriba vya miche. Vikundi vyetu vinapanda miti, na hiyo ni kazi njema. Lakini tukipanda mche na kuacha kiriba shambani, au tukikichana na kukitupa kando ya kijito, tumepanda mti na plastiki pamoja.

Mvua kubwa ikinyesha, yote haya huingia mitaroni, kutoka mitaroni hadi vijitoni, na kutoka vijitoni hadi Mto Kathita. Vile vile Embu, maji ya mjini huelekea Mto Rupingazi. Kathita hushuka kupitia Tharaka na kuingia Mto Tana. Rupingazi nayo huungana na Thiba, ambayo pia huingia Tana. Na Tana, kama tunavyojua, hupita Garissa, Hola na Garsen mpaka bahari ya Hindi kule Kipini. Uchafu wa juu ni kinywaji cha walio chini. Sisi tunaoishi karibu na mlima tumepewa maji kwanza, na ni wajibu wetu kuyaachilia yakiwa safi.

JE, IMEONEKANA KATIKA AFRIKA MASHARIKI?

Ndiyo. Mwaka 2013 watafiti walinunua samaki katika soko la Mwanza, Tanzania, kando ya Ziwa Victoria. Walichukua mbuta 20 na ngege 20, wakapasua matumbo na kuangalia ndani. Walipopima vile vipande katika maabara, ilithibitika kwamba samaki mmoja kati ya kila watano alikuwa amemeza plastiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Vipande vilivyopatikana vilifanana na plastiki ya mifuko, ya vifungashio na ya nguo, yaani vitu vya kila siku vya watu wa kawaida.

Hapa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliona chembe hizo katika maji ya juu ya Ziwa Naivasha. Na katika bahari yetu, hata wale wadudu wadogo wanaoelea majini, ambao ni chakula cha samaki, wameonekana wakiwa wamezimeza. Kwa hiyo jambo hili si la Ulaya au Asia peke yake.

ZINA MADHARA GANI KWA MWILI?

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, maana wengine hutia watu hofu ili wauze bidhaa, na wengine nao husema ni upuzi mtupu. Ukweli uko katikati.

Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walichunguza damu ya watu 22 wenye afya, wakakuta plastiki katika damu ya watu 17. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walitoa habari nzito zaidi. Walifuatilia wagonjwa 257 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta yaliyoziba mshipa wa damu shingoni. Katika mafuta ya wagonjwa 150 kulikuwa na plastiki. Kwa wale 107 wengine haikuonekana. Baada ya miaka karibu mitatu, katika wale 150, watu 30 walikuwa wamepata mshtuko wa moyo, kiharusi au wamefariki. Katika wale 107 walikuwa watu 8.

Je, hiyo ina maana plastiki ndiyo iliyosababisha? Bado haijathibitishwa. Inawezekana watu wale walitofautiana kwa mambo mengine pia, kama chakula, kazi au mahali wanapoishi. Lakini ni onyo la kutosha kwa mwenye busara.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu plastiki katika maji ya kunywa mwaka 2019. Lilisema chembe kubwa zaidi ya mikroni 150 huenda zikapita tumboni na kutoka nje bila kuingia mwilini. Zile ndogo zaidi ndizo zinazohitaji kuchunguzwa. Na likasisitiza jambo ambalo nasi tunalisisitiza: hatari ya kwanza katika maji bado ni viini vya magonjwa. Homa ya matumbo, kipindupindu, amiba na kuhara huua mtoto kwa siku chache. Plastiki, kama inadhuru, inadhuru polepole.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza tuue viini, halafu tupunguze plastiki. Asije mtu akaacha kuchemsha maji kwa sababu ana wasiwasi wa plastiki!

MAJI YA CHUPA SI KIMBILIO

Kuna wanaodhani ukinunua maji ya chupa dukani umeepuka. Sivyo. Mwezi wa Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walitangaza kwamba walihesabu chembe za plastiki katika maji ya chupa yanayouzwa huko kwao. Walikuta wastani wa chembe 240,000 hivi katika kila lita moja, na nyingi kati ya hizo ni zile ndogo kabisa, chini ya mikroni moja. Sehemu yake hutoka kwenye chupa yenyewe na kifuniko chake.

Hatusemi maji ya chupa ni sumu. Ukiwa safarini na huna maji salama, nunua unywe. Lakini familia isijinyime unga ili inunue chupa ikidhani imekimbia plastiki.

NAMNA YA KUPUNGUZA PLASTIKI NYUMBANI

Tunataja njia nne. Mnaweza kuzitumia moja baada ya nyingine.

1. Kutuliza na kuchuja kwa kitambaa cha pamba

Acheni maji yatulie ndani ya chombo chenye mfuniko kwa saa kadhaa, usiku kucha ikiwezekana. Tope hushuka chini na kwenda na chembe nyingi. Yateke yale ya juu polepole bila kuyatibua.

Kisha yachujeni kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Kule Bangladesh, mtaalamu Rita Colwell na wenzake waliwafundisha akina mama wa vijijini kuchuja maji kwa nguo kuukuu ya pamba iliyokunjwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003, kutoka vijiji 65, yalionyesha ugonjwa wa kipindupindu ulipungua karibu nusu. Nguo kuukuu ilifanya kazi vizuri kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimefumuka na matundu yamekuwa madogo, kama mikroni 20 hivi. Basi kitambaa kinachozuia kitu cha mikroni 20 kitazuia pia kipande cha plastiki cha ukubwa huo na zaidi.

Angalieni sana: kitambaa kiwe cha pamba kweli. Leso nyingi siku hizi ni poliesta, na ukichujia hiyo unaongeza nyuzi badala ya kuzitoa. Jaribio ni rahisi. Chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Fueni kitambaa hicho peke yake na kukianika juani baada ya kutumia.

2. Kuchuja kwa mchanga

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza zaidi kwa kikundi. Si mpya. Mwaka 1829 James Simpson alijenga vichujio vikubwa vya mchanga kwa ajili ya maji ya jiji la London, na hadi leo miji mingi hutumia mchanga. Katika miaka ya 1990 Dakta David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alitengeneza kichujio kidogo cha nyumbani kwa kufuata wazo hilo. Mafundi wetu wa kijijini wanaweza kukijenga kwa simiti, kwa kutumia kalibu.

Ndani yake hupangwa hivi, kutoka chini kwenda juu:
- kokoto za ukubwa wa milimita 6 hadi 12, unene wa sentimita 5;
- changarawe ndogo, unene wa sentimita 5;
- mchanga laini uliochekechwa na kuoshwa, unene wa sentimita 55 hivi;
- maji yanayosimama juu ya mchanga, sentimita 5 daima;
- kibati au kisahani chenye matundu, ili maji yakimwagwa yasichimbe mchanga.

Bomba la kutolea maji huanzia chini kwenye kokoto, hupanda ukutani na kutokea juu kidogo ya usawa wa mchanga. Ndiyo maana mchanga haukauki kamwe. Mchanga mzuri ni ule wa mawe yaliyosagwa kwenye machimbo. Wa mtoni mara nyingi una uchafu wa mifugo.

Juu ya mchanga huota utando laini wa vijidudu wasiodhuru, ambao hula viini vya magonjwa. Utando huu huchukua hadi siku 30 kukomaa, kwa hiyo msivunjike moyo mapema. Maji yatoke polepole, isizidi lita moja kwa dakika mbili na nusu. Yakitoka kwa kasi, mchanga ni mkubwa mno. Msimwage ndani maji yenye dawa ya klorini, mtaua ule utando. Dawa hutiwa baada ya kuchuja.

Mchanga huu hunasa pia sehemu kubwa ya chembe za plastiki, kwa sababu njia kati ya punje na punje ni nyembamba na zenye kona nyingi. Kichujio kikianza kuziba, korogeni yale maji yaliyo juu kwa kiganja, myachote na kuyamwaga shimoni mbali na kijito. Ndimo ilimo plastiki mliyoinasa. Mkiimwaga mtoni mmefanya kazi bure.

3. Shabu au mbegu za mlonge

Mitambo ya maji ya mjini hutia shabu. Shabu hufanya uchafu ushikamane, uwe mzito na kuzama. Plastiki nayo hunaswa humo.

Mbegu za mlonge hufanya kazi kama hiyo, na mti huu unastawi sehemu za joto kama Tharaka. Wanawake wa Sudan wametumia mbegu hizo tangu zamani kusafisha maji ya Mto Nile. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Brazili wameonyesha maabarani kwamba maji ya mbegu za mlonge hushika chembe za plastiki karibu sawa na shabu. Marekani wengine wamejaribu utelezi wa bamia, nao pia umefanya kazi.

Kwa maji yenye tope: menyeni mbegu mbili zilizokauka kwa kila lita, mzitwange ziwe unga, mchanganye na maji safi kidogo na kuchuja. Tieni katika maji, korogeni haraka dakika moja, kisha polepole dakika tano. Funikeni na kuacha yatulie saa moja au zaidi, halafu chujeni kwa kitambaa. Maji haya yachemshwe, na yatumiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mabaki ya mbegu huyafanya yaharibike upesi.

4. Kuchemsha, kisha kuchuja tena

Mwezi wa Februari 2024 watafiti wa Guangzhou, Uchina, walieleza jambo la kupendeza. Maji yenye chokaa nyingi, yale ambayo huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria, yakichemshwa, ile chokaa huganda na kuzifunika chembe za plastiki. Yakipoa na kuchujwa, plastiki hutoka pamoja na chokaa. Katika maji yenye chokaa nyingi sana karibu asilimia 90 iliondoka. Katika maji laini yasiyo na chokaa iliondoka kama asilimia 25.

Kwetu hii ina maana gani? Wale wa nyanda za chini wanaotumia visima virefu vya maji magumu watapata faida kubwa. Wale wa juu wanaotumia maji laini ya mlimani watapata kidogo. Lakini wote wachemshe, kwa ajili ya viini. Mkishachemsha, acheni yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukoko ukishuka, mimineni yale ya juu kupitia kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, na msiukwangue ule ukoko ndani ya maji ya kunywa.

Kumbukeni pia: dawa ya klorini huua viini vingi lakini haiondoi plastiki hata kidogo. Kila njia ina kazi yake.

NA ZILE MASHINE?

Kuna vichujio vya kisasa vyenye ngozi ya matundu madogo sana, na vingine ni vya kweli na vizuri. Mwaka 2019 kijana wa Ireland, Fionn Ferreira, alishinda mashindano ya kimataifa ya sayansi kwa kutumia mafuta ya mimea na unga wa chuma kushika plastiki, kisha kuivuta kwa sumaku. Ni ubunifu mkubwa. Lakini si jambo la kujaribu na maji ya kunywa jikoni.

Muuzaji akija kwenu, kabla ya kutoa hata shilingi, muulizeni haya:
- Matundu ya kichujio chako ni ya mikroni ngapi? (Akishindwa kujibu, mwageni kwa heshima.)
- Je, kinaondoa viini pia, na iko wapi hati ya Shirika la Viwango la Kenya?
- Kipuri cha kubadilisha kinauzwa wapi na kwa bei gani, na kinadumu muda gani?
- Je, kinahitaji umeme au mgandamizo wa maji ambao hatuna?

Mashine ambayo kipuri chake hakipatikani Meru, baada ya mwaka mmoja ni kiti cha kuku.

KUZUIA NI BORA KULIKO KUCHUJA

Haya yako mikononi mwetu, na mengi hayana gharama:

1. Mitungi ya plastiki isikae juani. Jua huifanya ikauke na kumeguka. Na ile desturi ya kutia kokoto ndani na kutikisa ili itakate, tuiache. Kokoto hukwaruza plastiki na kuimega ndani ya maji tutakayokunywa. Tumieni brashi laini na sabuni. Maji ya kunywa yakae kwenye mtungi wa udongo wenye mfuniko na bomba.

2. Miradi ya maji ya mabomba: mkikata paipu kwa msumeno, ule unga unaodondoka ni plastiki safi. Pangusa ncha, na kabla ya kuunganisha nyumba za watu acheni maji yapite nje mpaka laini isafike. Paipu zizikwe, zisiachwe juu ya ardhi zikipigwa na jua.

3. Vitalu vya miche: tumieni magome na majani makavu ya mgomba kutengeneza viriba. Mkitumia vya nailoni, vihesabiwe vikitoka na vihesabiwe vikirudi. Mweka hazina awe na daftari yake.

4. Kufua: msifulie mtoni. Maji ya kufulia yamwagwe kwenye shimo lenye mchanga, mbali na kisima. Nguo za poliesta zifuliwe zikiwa kweli zimechafuka, na zisisuguliwe kwa brashi ngumu.

5. Sokoni: rudisheni kiondo. Na pia tusisahau jani la mgomba. Wakulima wa miraa wamefunga mazao yao kwa jani hilo miaka na miaka, na likitupwa linaoza na kuwa mbolea. Jihadharini na mifuko inayofanana na nguo. Mingi yake ni plastiki iliyofumwa.

6. Msichome plastiki. Moshi wake ni sumu kwa mapafu, na majivu hubaki na vipande. Kusanyeni kwenye gunia moja la kikundi, muuze au mpeleke kwa wanaonunua taka.

SHERIA INASEMAJE?

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 makaratasi ya nailoni ya kubebea bidhaa yalipigwa marufuku Kenya. Adhabu ni kali: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo. Mitaro yetu ilipumua kidogo. Mwaka 2022 ikapitishwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayotaka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, na inayozipa serikali za kaunti wajibu wa kuzishughulikia. Kwa hiyo kikundi kikienda kwa mwakilishi wa wadi au kwa ofisi ya kaunti kuuliza mapipa ya kutenganisha taka sokoni, hakiombi hisani. Kinadai jambo lililo katika sheria.

Mataifa yalikutana Nairobi mwezi wa Machi 2022 na kukubaliana kuandika mkataba wa dunia nzima kuhusu plastiki. Mazungumzo ya Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2024, na ya Geneva mwezi wa Agosti 2025, yalimalizika bila mapatano. Wakubwa wakiendelea kuvutana, kijito kilicho mbele ya nyumba yetu hakiwezi kungoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Maji tunayokunywa yanatoka wapi, na yamepita wapi kabla ya kutufikia?
2. Ni nani aliye chini yetu anayekunywa maji tunayoyaachilia?
3. Tukikusanya plastiki iliyo kando ya kijito chetu asubuhi moja, itajaza magunia mangapi? Imetoka kwa nani?
4. Je, tunaweza kujenga kichujio kimoja cha mchanga kwa zamu, nyumba moja kila mwezi, kama tunavyozungusha pesa? Tuanze na nyumba gani? (Tunashauri ile yenye mtoto mdogo au mgonjwa.)
5. Kutoka katika yale mambo sita ya kuzuia, ni mawili gani tutaanza wiki hii, na nani atafuatilia?

Katibu aandike majibu katika kitabu cha kikundi, pamoja na tarehe. Baada ya miezi mitatu yasomeni tena, muone ni lipi limefanyika na ni lipi limebaki maneno. Kikundi kitakachojenga kichujio chake cha kwanza kialike kikundi jirani kije kione na kujifunza. Haba na haba hujaza kibaba, na chembe na chembe ndizo zilizojaza mto. Kwa njia hiyo hiyo tutazitoa.